Mahindi ya Rukwa na mamlaka ya kuyauza

Kila mahindi yanapovunwa, Mkoa wa Rukwa hupewa sifa yake. Pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, umekuwa ukitegemewa kulisha nchi tangu miaka ya 1970, na viongozi wanaoutembelea hawachoki kuuita ghala la taifa. Sifa hiyo ni ya haki, ila imezoea kuishia kwenye hesabu ya tani. Mkoa huulizwa umevuna kiasi gani. Ni nadra kuulizwa mkulima aliuza wapi, kwa bei ipi, na nani aliyekuwa na mamlaka ya kumruhusu auze. Unyonge wa Rukwa hautokani na ardhi wala na watu wake. Unatokana na utawala unaoupa mkoa wajibu wa kuzalisha huku ukiunyima sauti juu ya soko, wakati soko lenyewe liko mlangoni.

Ramani inalionyesha jambo hili waziwazi. Katikati ya mkoa ni uwanda wa juu wa Ufipa, nchi ya baridi na nyasi, ambako mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo kwenye mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Upande wa mashariki ardhi inaporomoka karibu mita 1,000 hadi Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto, mpunga na ufuta, kando ya ziwa lisilo na mto unaotoka. Magharibi uwanda unateremka hadi Ziwa Tanganyika, kwenye Kirando, Kipili na Kasanga, ambako watu huishi kwa dagaa na migebuka. Kusini, Mto Kalambo, wenye maporomoko ya zaidi ya mita 200, unachora mpaka na Zambia. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Hadi Mbala, Zambia, ni chini ya 200. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, na kaskazini mwa ziwa hilo Burundi. Mkoa unaoitwa wa pembezoni uko katikati ya majirani watatu wanaohitaji chakula.

Watu wake hawakuanza jana kuishi na ardhi hii. Wafipa walikuwa na dola zao za Nkansi na Lyangalile, wakiyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, na wakarutubisha mashamba kwa kufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo muda mrefu kabla ya mbolea ya viwandani kufika. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili za mpaka wa Zambia. Kwao mpaka huo unapita katikati ya ukoo. Wasukuma walihamia bondeni na ng'ombe wao, wakaleta plau, yaani jembe la kukokotwa, na pia migogoro ya malisho ambayo haijaisha. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 1.0, ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 1.5. Mkoa unaoongeza nusu ya watu wake katika miaka kumi hauna tatizo la nguvu kazi wala la ardhi iliyochoka kuvutia wageni.

Sasa utazame utawala. Rukwa ulipata hadhi ya mkoa mwaka 1974, katika enzi ya Madaraka Mikoani, mpango ulioanza mwaka 1972 kwa kuzifuta halmashauri na kuwapeleka mikoani watumishi wa serikali kuu. Halmashauri zilirudi katika miaka ya 1980, na sheria ya mwaka 1997 ikaifanya Sekretarieti ya Mkoa kuwa zaidi mshauri wa halmashauri hizo. Mwaka 2012 sehemu ya kaskazini ilikatwa ikawa Mkoa wa Katavi, na ikazaliwa Wilaya ya Kalambo yenye makao yake Matai. Kwa mama anayetafuta kituo cha afya au cheti, mgawanyo ulikuwa na faida halisi. Lakini ofisi ziliongezeka bila mamlaka juu ya mazao kuongezeka. Kibali cha kupeleka mahindi nje, amri ya kufunga mpaka, kiasi kitakachonunuliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula: yote hayo huamuliwa nje ya mkoa.

Mwaka 2011 serikali ilizuia mahindi kuvuka mpaka, na mwaka 2017 ikazuia tena, mara zote kwa hofu ya njaa nchini au katika kanda. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Ila mzigo wake uliwekwa juu ya aliyekuwa tayari ameshanunua mbegu na mbolea, akapalilia, akavuna. Mahindi yakizuiwa, dalali anajua kwamba mkulima hana pa kwenda. Ada za shule hazisubiri, na gunia linaondoka likiwa na lumbesa, yaani limejazwa kupita kipimo. Halmashauri nayo inaumia, kwa sababu ushuru wa mazao hutozwa kwa thamani. Mwaka huohuo wa 2017 ushuru huo kwa mazao ya chakula ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 2, hatua njema kwa wafanyabiashara, lakini wilaya za kilimo zikabaki na pengo ambalo hazikuwa na chanzo kingine cha kuliziba.

Wapo wanaosema mkulima asilalamike: mahindi ghafi yalizuiwa, unga uliruhusiwa, basi asage. Hoja ya kuongeza thamani ni nzuri mahali penye viwanda. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia, kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa haijafika. Huwezi kuuacha mkoa nje ya gridi kisha ukautaka uuze unga. Wengine husema barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imeshamaliza tatizo. Imesaidia sana, hilo halibishaniwi. Lakini lori linapita palepale amri inapopita, na lami haifungui kituo cha mpakani Kasesya.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama wa chakula: mpaka ukiwa wazi, Dodoma na Singida zitakula nini mvua zikikosekana? Jibu ni kwamba hifadhi hujengwa kwa kununua. Wakala akiingia sokoni mapema na fedha mkononi, mkulima atamuuzia. Zuio la ghafla hupunguza hata mavuno yajayo, kwa maana aliyepata hasara mwaka huu hulima eka chache mwaka ujao. Tena serikali yenyewe imeonyesha kwamba biashara hii inawezekana: mwaka 2024, ukame ulipoipiga Zambia, wakala huyohuyo alitia saini kuiuzia nchi hiyo tani 650,000 za mahindi. Ikiwa taifa linaweza kuuza ng'ambo ya Tunduma kwa mkataba, chama cha ushirika cha Kalambo hakina sababu ya kuonwa mlanguzi kinapouza ng'ambo ya Kasesya kwa kibali.

Ziwani mfano tayari upo. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, na wavuvi walijua tarehe kabla nyavu hazijatolewa majini. Mahindi yanastahili utaratibu wa namna hiyo. Mvua za Ufipa huanza kati ya Novemba na Desemba, na mbolea hununuliwa kabla yake. Basi msimamo juu ya mpaka na kiasi cha ununuzi wa hifadhi utangazwe kufikia Septemba, ubaki hivyo hadi msimu uishe, vibali vitolewe Sumbawanga na Matai, na Kamati ya Ushauri ya Mkoa isikilizwe kwanza kabla ya amri yoyote ya kuubadilisha.