Fundi wa Garissa ana la kutufunza walimu

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia kwamba haba hiyo hiyo, ikitoka badala ya kuingia, hukiacha kibaba kikavu. Nililifahamu hilo katika barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa, nikiendesha Toyota Prado kuukuu yenye injini ya dizeli ya lita 3 na tabo, gari ambalo kila nilipofika Mwingi lilinidai nusu lita ya mafuta ya injini.

Kabla ya safari hiyo nilikuwa nimelipeleka gari hilo katika karakana moja ya mjini, ambayo sitaitaja. Mafundi wake walichungulia chini, wakaona mafuta yakidondoka pale injini inapokutana na giaboksi, wakatoa hukumu papo hapo: sili ya nyuma ya krankishafti imekwisha. Kuibadilisha sili hiyo si kazi ndogo, kwani lazima giaboksi lote literemshwe. Nikalipa. Baada ya wiki mbili matone yakarejea. Giaboksi likateremshwa tena, nikalipa tena. Mara ya tatu niliambiwa kwamba tabo yenyewe imekufa na kwamba ninunue nyingine. Bei niliyotajiwa ingemlipia mwanangu karo ya mwaka mzima.

Ndipo nikafika Garissa, mji ambao jua lake la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na ambako mafuta yenye joto huwa mepesi na kupata njia hata penye mwanya mdogo. Mwenyeji wangu alinipeleka kwa fundi mmoja mzee, Msomali, afanyaye kazi chini ya mwarobaini pamoja na vijana wawili. Mmoja wao alikuwa Msomali, na wa pili Mmunyoyaya wa kando ya Mto Tana.

"Adeer," nilimwambia, "sili ya nyuma imebadilishwa mara mbili na bado gari linavuja."

"Mwalimu," akajibu bila kuinuka, "hapo nyuma ndipo yanapodondokea. Yanapotoka bado hatujapaona."

Msomaji mpenzi, kwa zaidi ya miaka kumi nimewafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kauli ya kutendea. Nimewachorea ubaoni jinsi kiambishi kimoja kidogo kinavyoligeuza tendo na kulielekeza mahali linapoishia. Sijapata kutoa mfano ulio bora kuliko huo. Kutoka ni kwingine, kudondokea ni kwingine. Na pesa zangu zote zilikuwa zimepotelea katika tofauti hiyo.

Fundi hakugusa spana. Alianza kwa maswali. Je, mafuta hupungua zaidi safarini au mjini? Je, gari hutoa moshi wa samawati asubuhi linapowashwa? Je, likilala usiku, chini pana tone moja au pana dimbwi? Kisha akawaagiza vijana waioshe injini yote kwa mafuta ya taa na sabuni, waikaushe, halafu wainyunyizie poda nyeupe ya watoto. "Hata vumbi la chaki yako lingefaa," akaniambia huku akicheka. Tukaiwasha injini, tukaiacha ingurume kwa dakika 20. Poda ilibaki nyeupe kotekote isipokuwa katika mstari mmoja mweusi, mwembamba, ulioanzia juu, chini kidogo ya tabo, ukateremka ubavuni mwa injini hadi nyuma, na kuishia palepale ambapo karakana ile ya mjini ilipatazama.

Inafaa nieleze hapa tabo ni kitu gani. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ncha mbili za mhimili mmoja. Moshi wa ekzosi hulizungusha la kwanza; la pili huivuta hewa na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini, ili dizeli iungue vizuri zaidi. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo haukai juu ya chuma, bali huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta. Mafuta hayo huletwa kwa presha kupitia kijibomba chembamba. Yakishafanya kazi yake hurudi kwenye sampu kupitia bomba nene.

"Kwa nini la kurudi ni nene?" fundi akamwuliza kijana wa Kimunyoyaya.

"Kwa sababu yakienda yanasukumwa, yakirudi yanaanguka tu kwa uzito wake."

Jibu hilo lilikuwa ndilo ufunguo wa ugonjwa wote. Kitu kinachorudi kwa uzito wake hakiwezi kupigana na kizuizi. Bomba la kurudisha lilipofunguliwa, tulikuta ndani masizi magumu ya mafuta yaliyoungua, na juu yake ukoko wa silikoni. Fundi fulani wa zamani, badala ya kutia gasketi mpya, alipaka silikoni kwa ukarimu, nayo ikajikamua ndani na kuziba nusu ya njia. Mafuta yakakosa pa kurudi, yakajaa, yakatafuta mwanya wa kutokea. Zaidi ya hayo, mpira wa kupumulia wa injini ulikuwa umejaa uchafu, hivyo hewa iliyobanwa ndani ya injini ilikuwa ikiyazuia mafuta yasishuke. Tabo haikuwa imekufa. Fundi aliushika mhimili wake kwa vidole, akautikisa, akatosheka kwamba haujalegea.

Bomba lilisafishwa likang'aa. Gasketi ya chuma na washa mpya za shaba ziliagizwa kutoka Nairobi, zikaletwa na basi kesho yake. Kabla ya kuwasha, fundi alitia mafuta kidogo ndani ya tabo kwa mkono, ili mhimili usizunguke hata kwa nukta moja ukiwa mkavu. Bei ya kazi yote haikufika robo ya nilicholipa awali kwa sili moja. Ningelipuuza jambo hilo, huenda mafuta yale yangelirukia ekzosi, ambayo hupata joto la nyuzi mia kadhaa, na gari likateketea katikati ya nyika.

Naam, wako watakaouliza: mhadhiri wa isimu anatusimulia habari za gereji kwa nini? Nawajibu kwamba nilichokiona chini ya mwarobaini ule ni somo kamili la fizikia, lililofundishwa kwa Kiswahili, na watu watatu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekizaliwa Kiswahili. Kilikuwa lugha yao ya kukutania, nacho hakikuwapungukia. Sikiliza jinsi fundi alivyozipanga daraja za ugonjwa: injini inayotoa jasho, inayodondosha, inayochuruzika, inayomwaga. Kila neno lina tiba yake. Inayotoa jasho huachwa na kuchungwa, inayochuruzika haisafirishwi.

Shuleni mwetu mambo ni kinyume. Kuanzia darasa la nne, masomo ya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hubaki kuwa somo la ngeli, methali na insha. Mwanafunzi wa kidato cha nne hukariri kanuni ya presha ya viowevu akaipatia alama zote, kisha akaikodolea macho injini ya babake kama jiwe. Kijana wa Kimunyoyaya, kwa upande wake, anaijua kanuni hiyo kwa mikono, lakini hana cheti wala kitabu kinachomwambia kwamba alijualo ni sayansi.

Najua hoja ya wapinzani. Watasema kwamba maneno ya gereji, yaani sili, gasketi, tabo na silikoni, si Kiswahili. Na usukani je? Neno hilo lilitoka katika Kiarabu, likawa la mabaharia wetu, na gari lilipofika pwani likapanda kutoka jahazini hadi garini bila kuomba ruhusa ya mtu. Bomba tulilipata kwa Wareno. Gari lenyewe lilitoka Bara Hindi, na Wasomali nao huliita gaari. Lugha haichafuki kwa kupokea. Hufa kwa kutotumiwa. Wenzetu wa Tanzania wametupatia istilahi kama kanieneo na mnato, nazo ni nzuri. Kasoro ni kwamba istilahi hizo hazijapata kukaa kivulini pamoja na fundi, naye fundi hajapata kualikwa katika kamati ya istilahi.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Fundi akitaka kusoma kitabu cha mtengenezaji wa injini hiyo, atakihitaji. Ninalosema ni kwamba mtoto aliyekwisha kuifahamu sababu ya jambo katika lugha aitumiayo na wenzake, ataibeba sababu hiyo kwa urahisi kuingia katika lugha nyingine. Aliyekariri maneno bila sababu hana cha kubeba.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, wa Garissa, Wajir, Mandera na kwingineko. Wapelekeni wanafunzi gereji kwa saa mbili. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia waende pamoja. Wanafunzi waandike maneno ya fundi, kisha waandike insha isiyo ya kuanza na methali wala kumalizia kwa hekaya, bali ripoti ya uchunguzi: nini kilionekana, nini kilidhaniwa, kilijaribiwa vipi, na chanzo kilikuwa wapi. Nanyi wanafunzi, msione haya kumwuliza fundi "kwa nini?"

Nilipokuwa nikiondoka, mzee aliniusia nisiizime injini mara nifikapo, bali niiache ipumue kwa dakika moja, kwa maana ukizima ghafla, mhimili huendelea kuzunguka bila kuletewa mafuta, nayo yaliyobaki huungua humo na kuwa masizi. Nimeushika wasia huo, na gari halijadondosha tena. Ila sasa, kila matokeo ya mtihani yatangazwapo na watu wakamwelekezea kidole mtoto wa kidato cha nne, hulikumbuka jibu la kwanza la mzee yule. Kidato cha nne ndipo yanapodondokea. Yanapotoka ni juu zaidi, katika darasa ambalo mtoto aliacha kuuliza kwa sababu hakuwa na lugha ya kuulizia.