Siku moja Ujiji: bandari iliyoachwa na maji

Meli ya mizigo inayovuka kutoka Kalemie kwenda Kigoma haiondoki upesi ikishafunga gatini. Kuna kushusha, kuna kupakia, kuna karatasi za forodha. Abiria mwenye pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano anaweza kupata siku nzima ya kukaa nchi kavu. Asogeze saa yake mbele kwa saa moja, maana Tanzania wanatutangulia, abadilishe faranga zake ziwe shilingi, kisha asiumalizie mchana wote Kigoma. Kituo cha reli kilichojengwa na Wajerumani, mwisho wa njia iliyotoka Dar es Salaam na kufika ziwani mwaka 1914, kinatosha nusu saa. Bandari ya kale iko Ujiji, kusini, mwendo usiozidi kilomita 10, na gari za abiria hazikosekani.

Wageni wengi huenda Ujiji kwa ajili ya mkutano mmoja tu: Stanley alipomkuta Livingstone, Novemba 1871. Pana mnara, pana jumba la makumbusho, pana sanamu za wazee hao wawili, pana na miembe inayosemwa kuwa ni chipukizi za ule mwembe wa siku ile. Mgeni anapiga picha, anaondoka. Kwetu sisi wa ng'ambo hii, hiyo ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Ujiji haieleweki bila Kalemie.

Tuanze na maji. Ukisimama penye mnara, litafute ziwa. Haliko miguuni pako. Ni lazima utembee kulifuata, na mtu atajiuliza bandari gani hii isiyo na maji. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona kinyume chake: michikichi mitatu aliyoiacha imesimama sokoni mwaka 1871 sasa ilikuwa ndani ya ziwa, kiasi cha mita 30 kutoka ukingoni. Ziwa lilikuwa linapanda kwa sababu mlango wake ulikuwa umeziba. Mlango huo ni Lukuga, mto wetu, unaotoka ziwani hapa Kalemie na kuelekea Lualaba. Cameron aliufikia mwaka 1874 akaukuta umejaa majani na matete, maji yakijikokota. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza Edward Hore, aliyekuwa akikaa Ujiji, alivuka akaukuta Lukuga unakwenda kwa nguvu. Kabla karne ile haijaisha, ziwa lilikuwa limeshuka mita zipatazo 10.

Ufuko wa Ujiji umelala, haukuporomoka, kwa hiyo kila ziwa liliposhuka kidogo, nchi kavu iliongezeka sana. Kigoma ina ghuba yenye kina, na ndiko Wajerumani walikopeleka reli na meli zao. Maji ya bandari ya Ujiji yalipita hapa kwetu yakaenda zake Lualaba. Wakaaji wa mitaa ya ufukweni Kalemie waliofukuzwa na ziwa mwaka 2021, na tena 2024, hawahitaji kufundishwa kwamba ziwa hili halikai mahali pamoja.

Sababu ya pili ni watu, na hapa ndipo mwanafunzi wa lugha afungue masikio. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Kutoka hapo mitumbwi ilivuka hadi Mtowa, kaskazini mwa Kalemie ya leo, na misafara ikaendelea Manyema, hadi Kasongo na Nyangwe. Kwenda walibeba vitambaa, bunduki na shanga. Sokoni Ujiji kwenyewe shanga za sofi, zilizofanana na vipande vya kiko, zilikuwa ndizo fedha. Kurudi walileta pembe za ndovu na watu. Si wote waliotekwa upande wetu waliofikishwa pwani. Wengi walibaki Ujiji wakilima, wakibeba mizigo, wakiolewa, na wazao wao wakaitwa Wamanyema.

Wengine waliitwa waungwana. Pwani, mwungwana ni mtu huru, aliyezaliwa na watu huru. Katika misafara neno lilihama: likamtaja yeyote aliyevaa kanzu, aliyefuata Uislamu na kusema Kiswahili, hata kama mwenyewe alikuwa mtumwa wa mtu. Ndilo lililozaa jina Kingwana, ambalo Kiswahili cha Kongo kiliitwa kwa miaka mingi. Wanaolidharau jina hilo kama la "Kiswahili kibovu" wangefaa kukumbuka kwamba shina lake ni uhuru, uhuru ambao wengi wa waliolibeba hawakuwa nao.

Hata mji wetu ulianza kwa sababu ya Ujiji. Nahodha Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alijenga boma la Albertville mwishoni mwa 1891 ili kumzuia Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, ambaye watu wake walilizingira boma hilo mwaka uliofuata. Boma lile lilipinga utumwa. Pia liliitia nchi hii mkononi mwa Leopold II. Yote mawili ni kweli, na moja halilifuti lingine.

Ukiwa mitaani Ujiji, salimia, kaa, sikiliza, lakini usimwulize mtu asiyekujua babu yake aliletwaje. "Mmanyema" ni neno linalobadilika uzito kwa kinywa cha anayelisema. Teremka badala yake ufukweni, wanakoanika samaki. Uliza bei ya ndagala. Watakuuzia dagaa, nao ni wale wale, wa ziwa lile lile. Na kabla hujamaliza kuhesabu shilingi zako, muuzaji atakuwa ameshakuuliza umetoka Kalemie au Moba.