Kihisi Joto na Tarakilishi Isiyo na Kipanya

Muhula huu wanaukulima wetu waliweka mayai 60 katika mashine ya kuangulia, na yai la kuku lataka joto la digrii 37.5 hivi kwa siku 21. Ukifunua kila saa kuchungulia kipimajoto, joto latoroka, na vifaranga kwaheri. Ndiposa tukaweka ndani kihisi joto cha Bluetooth, kizungumze na tarakilishi kuukuu ya maabara. Tarakilishi yenyewe inatumia Linux na haina vipicha vya kubonyeza. Ni kuandika amri tu. Wengi walisema haiwezekani. Hebu tuone!

Andika bluetoothctl, kisha power on, redio iamke. Halafu scan on, nayo itaanza kutaja kila kifaa kilicho karibu pamoja na anwani yake. Hapa pana vurugu: utaona saa ya mwalimu, utaona na vitu vya sijui nani. Ujanja ni kutoa betri ya kihisi, uirudishe, utazame ni jina gani linachomoza. Likikosa kabisa, ulizia simu. Vihisi vingi huzungumza na mmoja tu kwa wakati. Simu ikishakishika, kinawanyamazia wengine.

Ukiipata anwani, andika connect ukiifuatisha. Aha, vimeshikana!

Sasa ndio utamu. Andika menu gatt, halafu list-attributes. Orodha ndefu itamwagika, usiogope. Tafuta namba yenye 2a6e ndani yake, alama rasmi ya joto katika Bluetooth. Ichague kwa select-attribute na namba hiyo ndefu yote, kisha read.

Jibu letu lilikuwa a6 0e. "Ati hili ni joto?" mwenzangu akacheka. Ngoja kwanza. Hesabu hii ni ya kumi na sita, si ya kumi: a ni 10, e ni 14. Tena baiti ndogo hutangulia, kwa hivyo geuza: 0ea6. Basi 14 mara 256 ni 3584; a6 ni 10 mara 16 na 6 juu, yaani 166. Jumla 3750. Kihisi huhesabu kwa sehemu za mia za digrii, kwa hivyo gawa kwa 100: 37.50. Barabara!

Siku hizi twaandika notify on, nacho hutuma habari chenyewe. Juzi usiku namba zilianza kushuka: 36.9, 36.4. Kumbe waya umechomoka! Ukarudishwa papo hapo. Jarida hili linapokwenda mitamboni tuko siku ya 18. Mayai hayageuzwi tena, na namba ni 37.5.