Kompyuta ya Shangazi: Kuiunda kwa Fedha Kidogo na Kuiongeza Baadaye

Haya ni maneno ya somo la redio kwa wanafunzi watu wazima, kama yalivyosomwa. Asiyeweza kusoma upesi na asome polepole, sehemu moja kila siku. Maneno mapya yako hapa mwanzoni, na maswali yako mwishoni.

MANENO MAPYA

Mazabodi: ubao mkuu ndani ya kompyuta. Vipande vingine vyote huchomekwa humo.
Prosesa: kipande kidogo cha mraba kinachofanya hesabu na kazi zote.
Soketi: mahali pa kukalia prosesa juu ya mazabodi.
Ramu: kumbukumbu ya kazini. Umeme ukikatika, yaliyomo hufutika.
Diski: ghala la kompyuta. Yaliyomo hubaki hata umeme ukikatika.
Pawasaplai: sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuupunguza nguvu ili vipande vingine viweze kuutumia.

SOMO

Wasikilizaji, hamjambo? Karibuni darasani. Chukueni kalamu na daftari, maana leo kuna mambo ya kuandika.

Watu wengi hudhani ya kuwa kompyuta ni kitu kimoja, kama redio au pasi. Ukiinunua umeinunua, ikichoka unaitupa. Sivyo. Kompyuta ya mezani ni vipande saba au vinane vilivyotiwa katika kasha moja. Kila kipande huuzwa peke yake dukani, na kila kipande chaweza kutolewa na kutiwa kingine. Kwa hiyo mtu mwenye fedha kidogo aweza kuunda kompyuta ndogo leo, na kuikuza mwaka baada ya mwaka. Lakini ataweza kuikuza ikiwa tu alichagua vizuri siku ya kwanza. Jambo hili ndilo somo letu.

Tutachukua mfano. Tuseme una shangazi yako Morogoro. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Jamaa wamechanga fedha ili apate kompyuta, nawe umepewa kazi ya kuinunua. Fedha hizo ni za watu, na hazitachangwa mara ya pili. Ufanyeje?

Kwanza, mwulize mwenyewe. Usiende dukani kabla ya kumwuliza. Sikilizeni mazungumzo haya:

– Shikamoo, shangazi.
– Marahaba, mwanangu. Karibu.
– Nimekuja kukuuliza habari za kompyuta. Unaitakia kazi gani hasa?
– Nataka kuandika hesabu za kikundi. Daftari limejaa, na kila mwisho wa mwezi najumlisha mpaka usiku. Tena nataka kuandika barua na kuzichapa. Na yule ndugu yako aliye masomoni Dodoma, napenda nimwone uso tunapozungumza.
– Je, michezo, au kutengeneza sinema?
– Sinema! Mimi na sinema wapi na wapi?

Mmesikia? Hesabu, barua, na mazungumzo ya kuonana. Kazi hizi ni nyepesi kwa kompyuta ya siku hizi. Kumbe shangazi hahitaji mashine ya bei kubwa. Anahitaji mashine inayowaka kila siku, isiyopoteza hesabu za watu, na ambayo fundi yeyote wa mjini aweza kuitengeneza.

MSINGI NA VYUMBA

Ninyi mnajua jinsi watu wetu wanavyojenga nyumba. Mtu hujenga msingi wa vyumba vinne, akaezeka viwili, akahamia. Vyumba vingine huviongeza fedha ikipatikana. Lakini akijenga msingi wa vyumba viwili, hawezi tena kuongeza bila kubomoa.

Kompyuta nayo ina msingi na vyumba. Msingi ni mazabodi, pawasaplai na kasha. Hivi visichaguliwe kwa pupa, maana kuvibadili baadaye ni sawa na kubomoa. Vyumba ni ramu na diski. Hivi vyaweza kuanza vidogo. Prosesa iko katikati: yaweza kubadilishwa, lakini kwa ile tu inayolingana na soketi.

Basi tuangalie kimoja kimoja.

Mazabodi na soketi yake. Soketi huamua ni prosesa zipi zitakazoingia. Soketi iitwayo AM4, ya kampuni ya AMD, ilitoka mwaka 2016, na kwa miaka mingi baada ya hapo kampuni iliendelea kutoa prosesa mpya za kuingia humo. Ndiyo sababu vipande vyake ni vingi na bei yake ni ya wastani. Soketi iliyofuata, AM5, ilitoka mwaka 2022. Ina miaka mingi zaidi mbele yake, lakini mazabodi yake na ramu yake huwa ghali zaidi. Kama mchango wenu ni mkubwa, chukueni AM5. Kama ni mdogo, AM4 yamfaa shangazi.

Ukinunua mazabodi, hesabu nafasi za ramu kwa kidole. Nyingine zina nafasi mbili, nyingine nne. Angalia pia kama ina nafasi ya diski nyembamba iitwayo M.2. Kisha mwulize muuzaji swali hili: “Je, mazabodi hii inaikubali prosesa hii kama ilivyo, au yataka programu yake ya ndani iongezwe kwanza?” Maana mazabodi ya zamani yaweza kuwa na soketi ileile, lakini isiitambue prosesa iliyotoka baadaye. Swali hilo moja laweza kukuokolea nauli ya kurudi mjini.

Prosesa. Hapa pana mtego. Prosesa nyingine zina sehemu ya picha ndani yake, nyingine hazina. Isiyo na sehemu hiyo hutaka kadi ya picha inunuliwe mbali, nayo ni ghali. Katika Ryzen za soketi AM4, tafuta herufi G mwishoni mwa jina. Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, ina viini 6 na sehemu ya picha. Ryzen 5 5600, bila herufi G, haina sehemu ya picha. Ukiitia peke yake, kiwambo kitabaki cheusi. Herufi moja tu! Mnaona faida ya kusoma kwa makini.

Ramu. Kwa shangazi, gigabaiti 8 zinatosha kuanzia, na 16 ni raha zaidi. Ukinunua kipande kimoja cha 8, acha nafasi ya pili wazi. Fedha ikipatikana utatia kipande kingine cha namna ileile, na mashine itakwenda upesi zaidi, kwa kuwa vipande viwili hufanya kazi pamoja. Soketi AM4 hutumia ramu ya DDR4, na AM5 hutumia DDR5. Hazibadilishani, na pengo lililo chini ya kila moja limewekwa mahali tofauti ili mtu asikosee. Tena jueni ya kuwa bei ya ramu hupanda na kushuka kama bei ya vitunguu. Mwishoni mwa mwaka 2025 ilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda viliwauzia kwanza wenye mitambo mikubwa ya akili bandia. Kwa hiyo uliza bei ya siku ile.

Diski. Hapa usifanye ubahili. Diski za zamani zina sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka, nazo husoma upesi mara nyingi zaidi. Kompyuta ya kawaida yenye SSD ndogo itawaka mapema kuliko kompyuta kali yenye diski ya kuzunguka. Gigabaiti 256 zamtosha shangazi. Hesabu na barua hazijazi ghala.

Pawasaplai. Wengi huidharau kwa sababu haionekani. Ikiwa mbovu, yaweza kuua vipande vingine vyote siku moja. Tafuta ya wati 450 au 550, yenye jina la mtengenezaji na alama ya 80 PLUS. Alama hiyo maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za umeme unaoingia, si chini ya 80 huifikia mashine. Zinazobaki hupotea kwa joto. Pawasaplai nyepesi mno mkononi, isiyo na jina, iache dukani. Wala usiifungue pawasaplai kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake umeme hubaki kwa muda, nao waweza kukudhuru.

Kasha. Si lazima liwe zuri. Lazima liwe la kipimo cha kawaida, liingize mazabodi yako, na liwe na feni na matundu ya hewa. Vumbi na joto ni adui wa kompyuta.

Kiwambo, kibodi na kipanya vyaweza kununuliwa vilivyotumika, baada ya kujaribiwa mbele yako.

JE, KOMPYUTA ILIYOTUMIKA HAIFAI?

Swali hili huulizwa mara nyingi. Kariakoo mjini Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli mjini Nairobi, utakuta kompyuta za ofisini zilizotumika, na bei yake ni ndogo. Nyingine ni nzuri kabisa, na zaweza kumfaa shangazi kuliko kuunda mpya. Lakini pima mambo mawili kabla ya kutoa fedha.

La kwanza, uliza kama inakubali Windows 11. Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2017 haziko katika orodha ya Windows 11. Kama haikubali, bado yaweza kutumia Linux Mint, ambayo hutolewa bure.

La pili, itazame ndani. Baadhi ya kompyuta za ofisini zina pawasaplai na mazabodi za umbo la pekee, zisizolingana na za madukani. Kipande kimoja kikifa, mashine nzima imekwisha. Hiyo ni nyumba isiyo na msingi wa kuongezea.

KUIUNGA

Kazi ya kuiunga yahitaji bisibisi moja, meza safi na saa mbili au tatu. Usiifanye juu ya zulia. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kipande chochote, maana mwili una umeme mdogo usiousikia, nao waweza kuharibu vipande. Fuata hatua hizi:

1. Weka mazabodi mezani. Inua wenzo wa soketi. Katika pembe ya prosesa kuna alama ya pembetatu. Ilinganishe na alama ya soketi, kisha iache ishuke yenyewe. Usiisukume. Teremsha wenzo.
2. Funga feni ya prosesa, na uhakikishe kuwa kuna dawa ya kupitishia joto katikati yake.
3. Tia ramu mpaka usikie inalia “ta!” kwenye ncha.
4. Tia diski.
5. Funga mazabodi ndani ya kasha, juu ya vijiguu vyake vya shaba.
6. Unganisha waya mbili za pawasaplai: pana yenye pini 24, na ndogo yenye pini 8 iliyo karibu na prosesa. Hii ndogo husahauliwa mara nyingi.
7. Ndipo uchomeke ukutani na uwashe.

Isipowaka, usiogope. Zima, chomoa, ukaze ramu na waya upya.

UMEME NA HESABU ZA WATU

Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea palepale. Kwa sababu hiyo nunua UPS, yaani kisanduku chenye betri, kitakachompa shangazi dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa taratibu. Kama fedha ni kidogo, afadhali upunguze ukubwa wa diski kuliko kuacha UPS.

Tena kila Ijumaa shangazi anakili hesabu kwenye flashi, na flashi hiyo isikae karibu na kompyuta. Diski ikifa, duka litakuuzia nyingine. Hesabu za kikundi haziuzwi dukani.

Mwisho, mwandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: jinsi ya kuwasha, kuhifadhi, kunakili na kuzima. Ibandike ukutani. Mwache afanye mwenyewe mara tatu mbele yako, nawe usiguse kipanya.

Mwaka ujao mtatia ramu ya pili. Baadaye mtatia diski kubwa. Kikundi kikikua na kazi ikiongezeka, mtatoa prosesa ya viini 6 na kutia ya viini 8 katika soketi ileile. Kasha, pawasaplai na mazabodi vitabaki vilevile.

Hapo ndipo tunapofika leo. Kwaherini, wasikilizaji.

MASWALI YA DARASANI

1. Vipande vitatu vya msingi ni vipi? Kwa nini?
2. Ryzen 5 5600 na Ryzen 5 5600G zinatofautiana nini?
3. Kwa nini shangazi anahitaji UPS?
4. Hesabu: Kompyuta na kiwambo vinatumia wati 70, saa 4 kila siku, kwa siku 30. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Ni yuniti ngapi? (Jibu: 70 × 4 × 30 = 8,400, yaani yuniti 8.4.) Sasa zidisha kwa bei ya yuniti moja ya umeme nyumbani kwako.
5. Nenda dukani na daftari. Andika bei ya kila kipande, kisha jumlisha. Leta hesabu yako darasani.