Mikono Juu Getini

Desturi ya kupekua watu kwenye mageti ya Uganda ina tarehe iliyoipa nguvu. Usiku wa 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uhispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka Kampala katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika klabu ya raga ya Kyadondo. Zaidi ya watu 70 walikufa, na Al-Shabaab wakatangaza kwamba ni kazi yao. Baadaye kizibao cha mabomu ambacho hakikulipuka kilipatikana kwenye ukumbi wa dansi huko Makindye, kimeachwa ndani ya mfuko wa kompyuta. Anayekereka askari akimfungulisha mfuko kama huo getini mwa uwanja wa Kakindu, Jinja, au kwenye uwanja wa manispaa ya Mbale, akumbuke mfuko ule.

Sababu ya kupekua ipo, basi, na ni nzito. Ila mamlaka ya anayepekua yana mpaka. Katiba ya 1995, ibara ya 27, inakataza kumpekua mtu, nyumba yake au mali yake kinyume cha sheria. Ibara ya 24 inamlinda dhidi ya kutendewa kwa namna ya kumdhalilisha, na ibara ya 44 inasema ulinzi huo haupunguzwi kwa hali yoyote. Kwa hiyo swali la usalama likiisha kujibiwa, swali la heshima bado lipo palepale.

Kwanza mtazame anayekupekua ni nani. Mlinzi wa kampuni binafsi, au kijana aliyevishwa fulana ya waandalizi, hana mamlaka ya polisi. Anasimama kwa niaba ya mwenye uwanja, na anachoweza kufanya ni kukuruhusu au kukuzuia kuingia. Ukisema hutaki kupapaswa, atakurudisha, na utaondoka zako; kukuvuta shati ili akupekue kwa nguvu ni jambo jingine kabisa. Akikukuta unatenda kosa mbele ya macho yake anaweza kukukamata, kisha akukabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Polisi mwenyewe ana nafasi pana zaidi, lakini naye anapokusimamisha na kukupekua bila ridhaa yako lazima awe na sababu ya kukushuku.

Ridhaa hiyo ndiyo kiini cha suala lote. Huko Tampa, Florida, mwalimu mmoja mwenye tiketi za msimu mzima alikwenda mahakamani 2005 kupinga kupapaswa kila aingiapo kutazama mpira wa Kimarekani. Alishinda mwanzoni, lakini 2008 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba alikuwa ameridhia: alijua atapekuliwa, akaja, akainua mikono. Mimi sikubali kwamba mtu aliyekwisha kutoa pesa yake ana hiari kamili. Jinja na Mbale dawa yake ni rahisi: ubao wa vitu vilivyokatazwa, pamoja na taarifa ya upekuzi, uwekwe kwenye dirisha la tiketi, mtu ausome kabla ya kulipa. Ukiwekwa getini, umechelewa.

Upande wa wanawake ndio unaoniuma zaidi. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Sasa chukua mama aliyembeba mtoto mgongoni, ana mkoba wenye nepi, chupa ya uji na pedi. Pasipo askari wa kike, njia zinazobaki ni mbili, na zote mbaya: apite bila kukaguliwa, au askari wa kiume achambue mkoba ule mbele ya foleni nzima ya vijana. Mwandalizi akisema hakupata askari wa kike, basi hajawa tayari kufungua geti. Meza moja na pazia la kitambaa havigharimu pesa ya kumshinda.

Simu nayo ina mpaka wake. Askari kukuomba uiwashe ili aone ni simu kweli, hiyo ni hadhari. Kukuamuru uifungue asome ujumbe wako au atazame picha zako ni kuingia kwenye mawasiliano yako, ambayo ibara ileile ya 27 inayalinda. Bomu halimo ndani ya ujumbe wa simu.

Wako watakaosema haki hizi zinachelewesha foleni watu wakaumia. Foleni inaua kweli: Oktoba 2010, kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards uwanjani Nyayo, Nairobi, watu saba walikufa katika msongamano getini. Tiba yake ni kufungua mageti mapema, kuongeza njia za kuingilia, na kuwakagua watu mbali kidogo na mlango, kabla hawajabanana. Mtu aliyesoma ubao mapema huacha kisu chake nyumbani, na hapotezi dakika tano akibishana na askari.

Ukidhalilishwa, usipigane pale. Shika namba ya askari au jina la kampuni lililo kwenye sare, saa, geti, na mtu aliyeshuhudia. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi Jinja inayopokea malalamiko. Tena, kwa Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019, ofisa wa umma aliyevunja haki yako anaweza kuwajibishwa yeye binafsi.