Kompyuta Iliyopimwa kwa Mizani

Muuza vyuma chakavu wa Gerezani, Dar es Salaam, hakuniuliza ninaitakia nini. Aliibeba kwa mikono miwili, akaitua juu ya mizani, mshale ukapita kumi na mbili.

"Kilo kumi na mbili na nusu, mzee. Bei ni ya bati tu, lakini ndani mna shaba, kwa hiyo utaniongezea kidogo."

Nikamwongezea kidogo. Kibodi nayo akaipima, karibu kilo tatu. Siku hizi zipo laptopu nzima zisizofikia nusu ya uzito huo. Nilikodi bajaji, nikaketi nyuma nimeipakata kama mtu anayetoka kumchukua mgonjwa hospitalini.

Ilikuwa IBM 5150. Kila kompyuta inayoitwa "PC" ina nasaba yake hapo. Ilitangazwa New York tarehe 12 Agosti 1981. Kikosi kidogo cha wahandisi mjini Boca Raton, Florida, kiliiunda kwa muda wa mwaka mmoja hivi, nacho kiliwahi kwa sababu kilinunua vipuri vilivyokuwa tayari sokoni: prosesa ya Intel 8088, mfumo endeshi kutoka Microsoft. Bei ya chini kabisa ilikuwa dola 1,565. Kwa fedha hizo ulipata kumbukumbu ya kilobaiti 16 na hakuna pa kuingizia disketi. Kazi zako ulizihifadhi kwenye kaseti, zile zile za muziki.

Huku kwetu mashine za umri huo ni adimu, na sababu mojawapo inajulikana. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilikuwa na kompyuta tangu 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Hii yangu nadhani ililetwa na mradi wa wahisani, maana ubavuni ina kibandiko cha rangi ya chungwa chenye namba ya mali ya ofisi. Kijana mmoja aliyekuja kuiona alitaka kukibandua ili mashine "ipendeze". Nilimzuia kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Wapo wapenzi wa mashine kuukuu wanaozipaka rangi upya na kuzisugua mpaka zing'ae kama zimetoka kiwandani jana. Sina ugomvi nao, ila mimi kile kibandiko nakithamini kuliko rangi. Ndicho cheti pekee cha maisha yake.

Kwa hiyo kabla ya kugusa skrubu nilinunua daftari. Nikapiga picha pande zote sita, nikafungua, nikapiga tena: kila kadi, kila waya, kila plagi imekaa upande gani. Kwenye ubao mkuu, ule mafundi wanaouita madabodi, kuna vikundi viwili vya swichi ndogo, kila kimoja kina swichi nane. Humo ndimo mwenyewe alimoiambia mashine ina kumbukumbu kiasi gani na viendesha disketi vingapi. Ukizichezea kabla ya kuziandika umefuta maneno ya mtu. Zangu zilisema mashine ina viendesha disketi viwili. Ndani nilikuta kimoja. Cha pili sijui kiliishia mizani ya nani.

Kosa la kwanza la wengi ni kuichomeka ukutani waone kama inawaka. Kibao cha nyuma kiliandikwa volti 120, za Marekani. Ukutani kwetu kuna 230. Ningeichomeka, makala hii ingeishia hapa. Nikatafuta transfoma ya kushusha umeme, nikawasha, na feni ikatikisika mara moja kisha kimya.

Fundi redio wa mtaani kwetu alikuja na mita yake. Aliitazama mashine kwa heshima, akaniomba niondoe kadi zote, akagusa nyaya za volti 12 na bodi. Mita ikalia.

"Mzee, hii ina shoti. Pawa saplai haijafa. Inakataa kuwaka kwa kujilinda."

Alikuwa sahihi, na ugonjwa huo ni maarufu kwa kizazi hiki cha mashine. Kwenye njia za volti 12 kuna kapasita za tantalamu, vijidude vya ukubwa wa punje ya mahindi. Zikizeeka hushika shoti ndani kwa ndani. Wakati mwingine hulipuka kwa mlio mkali na harufu ambayo haitoki chumbani siku mbili. Yetu ilikufa kimyakimya. Tuliitoa kwa kuyeyusha risasi, mita ikanyamaza, tukaweka mpya ya mikrofaradi 10. Gharama yake haikufika nauli ya daladala.

Fundi alitaka kujua nimewezaje kujua kapasita ipi iko kwenye njia ipi. Nikamwonyesha ramani. IBM wenyewe walichapa na kuuza kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi zote za mashine hii, pamoja na orodha nzima ya programu ya BIOS, mstari kwa mstari. Uwazi huo uliwagharimu. Kampuni nyingine ziliona mashine ilivyo, zikaiga vipuri, na ile BIOS yenye hakimiliki zikaiandika upya kwa njia halali. Compaq ilitangaza yake mwaka 1982. Soko likawaponyoka IBM. Lakini fundi redio wa Dar es Salaam, zaidi ya miaka arobaini baadaye, ameweza kuweka kidole mahali penye ugonjwa. Nionyeshe simu ya leo inayouzwa na kitabu cha namna hiyo.

Kioo hatukuwa nacho. Bahati nzuri kadi yake ya picha, CGA, ina tundu la mviringo kama lile la deki ya video, nasi tulikuwa na TV ya chogo stoo. Tukaunganisha, tukawasha. Herufi zikatokea, pamoja na namba 201, maana yake kumbukumbu ina hitilafu. Bodi hii ina chipu 36 za kumbukumbu, safu nne za tisa tisa: nane hubeba data, ya tisa ni mnoko anayewachunguza wenzake. Tarakimu zinazotangulia 201 hukuelekeza kwenye chipu yenyewe. Safu ya kwanza imelehemiwa, nyingine tatu zimekaa kwenye soketi, na iliyokufa ilikuwa ya soketi. Ilitoka kwa bisibisi, tukapachika nyingine.

Ikawaka, ikatoa mlio mmoja mfupi. Kisha ikauliza tarehe. Mashine hii haina betri ya saa, na huo ni uhai wake, maana betri zinazovuja zimeua bodi nyingi za miaka iliyofuata. Ila kila ukiiwasha kwa DOS, mfumo endeshi wake, inaamini leo ni Jumanne, 1 Januari 1980.

Hapo wengi husimama na kupiga picha ya ushindi. Mimi nilikuwa na boksi la disketi kumi na moja zilizokuja nayo, za inchi 5.25, kila moja kilobaiti 360. Unyevu wa pwani ulikuwa umeziotesha ukungu. Disketi yenye ukungu ukiizungusha, kichwa cha kusomea kinaukwangua utando wa sumaku na data inaondoka kama vumbi. Nilizisafisha kwa spiriti na pamba, moja kwa jioni. Kisha nikakiunganisha kiendesha disketi na kidude cha USB kiitwacho Greaseweazle, ambacho hunakili mawimbi ya sumaku yenyewe, hata mahali ambapo kompyuta ingekata tamaa. Saba zilisomeka zote. Mbili nusu nusu. Mbili zimekufa.

Nilipofungua faili la kwanza kwenye laptopu, nilicheka peke yangu. Liliandikwa hivi: "Naombá kukuarifõ kuwá garé lá mradé". Nikadhani Wareno wamerudi pwani.

Ilikuwa WordStar, programu ya uandishi iliyotawala enzi hizo. Ili kupanga mistari vizuri, WordStar iliitia alama herufi ya mwisho ya kila neno kwa kuongeza 128 kwenye namba yake. Kwa programu za leo, a inageuka á, i inakuwa é, u inakuwa õ. Kiingereza kingeharibika ovyo, huku konsonanti na kule irabu. Kiswahili, ambacho karibu kila neno lake huishia kwa irabu, kiliharibika kwa utaratibu mzuri kabisa. Nikapunguza 128 kwenye kila baiti iliyozidi, na ofisi ile ikarudi: gari bovu, posho iliyochelewa, mlinzi anayeomba likizo akazike. Majina yao nimeyaweka kando, si yangu kuyatangaza. Nakala, picha, namba za chipu na hali ya kila disketi vimo daftarini, na daftari lina nakala mbili katika nyumba mbili.

Ndugu msomaji, kama katika stoo ya ofisi yako au chini ya kitanda cha babu kuna disketi, usizitupe na usizijaribu kwenye mashine yoyote kabla ya kuzisafisha. Zikaushe kivulini, ziweke mbali na spika, na leo hii, kwa kalamu, andika zilikuwa za nani na zilitoka wapi. Mwenye kujua hilo bado yupo. Mwulize.