Kichwa cha Mtoto Si cha Kubahatishia

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo nilimpakata mwenyewe mwaka wa 1998, nilipokuwa nikifundisha hapa Griftu, wilayani Wajir.

Mwanafunzi wangu alianguka kutoka mtini akagonga kichwa. Alizirai kidogo, akazinduka, akacheka na wenzake. Nilimpa tembe ya maumivu, nikamruhusu aende nyumbani akalale. Usiku alitapika mara kwa mara, alfajiri hakuamshika. Safari ya kuutafuta mtambo wa siti-skani ilitupitisha Wajir mjini, kisha zaidi ya kilomita 300 hadi Garissa, na takriban 370 nyingine hadi Nairobi.

Picha ya kawaida ya eksirei huweza kuonyesha ufa katika fuvu, lakini haionyeshi damu iliyovuja chini yake. Siti-skani huipitisha miale hiyo kichwani kutoka pande zote, na kompyuta ikaunganisha vipimo kuwa picha za vipande, mithili ya mkate uliokatwa. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeuunda mtambo huo, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka wa 1971. Mwaka wa 1979 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyezikokotoa hesabu zake. Mwanafunzi aulizaye hisabati ina faida gani, jibu ni hilo.

Picha ya mvulana wetu ilionyesha damu iliyoganda kati ya fuvu na ubongo, upande wa kushoto. Madaktari waliitoa, akapona. Ila mkono wake wa kulia haukushika tena kalamu barabara.

Sisemi kila mtoto anayejikwaa apigwe picha. Miale hiyo ina madhara yake, na mwili wa mtoto hudhurika upesi kuliko wa mtu mzima. Lakini mtoto aliyegonga kichwa akazirai, akatapika tena na tena, akasinzia kupita kiasi, akapatwa na kifafa, au akatokwa na damu au majimaji sikioni, apelekwe hospitali mara moja. Daktari ndiye atakayeamua.

Mtambo, hata ukiwa karibu, haumwiti mtoto. Sisi walimu ndio tunaomwona akianguka. Mimi niliiona dalili ya kwanza kwa macho yangu, nikamwambia akalale.